Ukifika Ngao Jioni: Wapi pa Kunywa na Nani wa Kuketi Naye



Mwalimu aliyepata uhamisho kuja Ngao, muuguzi aliyeletwa hospitali yetu, dereva wa lori aliyelala Minjila akielekea Lamu, wote huuliza swali moja jua likianza kushuka: "Hapa jioni watu hukaa wapi?" Wengi wao wametoka Mombasa au Malindi, ambako ukiuliza hivyo unaonyeshwa barabara yenye taa, baa imepakana na baa, uchague mwenyewe. Ngao si mji wa namna hiyo. Hata hivyo swali lao ni la haki, na mgeni anastahili kujibiwa na mwenyeji kabla hajajibiwa na tapeli.

Jibu langu nitalitoa mapema. Huku Tana ya chini mahali pa kunywa hupimwa kwa watu wake. Uliza nani amekigema kinywaji, amekigema lini, na angalia nani ameketi hapo. Ukipata majibu ya hayo matatu, utakunywa kwa amani na utarudi nyumbani salama. Ukiyakosa, hata kiti kikiwa na mto na muziki ukiwa mtamu, ondoka.

Kwanza mgeni ajue amefika kwa nani. Ukitoka Malindi kwa barabara kuu, mwendo wa kilomita mia moja na kitu, unafika Minjila, na mbele kidogo iko Garsen. Ngao, Tarasaa na Golbanti ziko upande wa chini, karibu na mto, katikati ya mashamba ya mpunga, ndizi na miembe. Wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walifungua kituo Ngao miaka ya 1880, na kanisa limekaa hapa tangu wakati huo. Wapokomo wa chini wengi ni Wakristo. Wapokomo wa juu wengi ni Waislamu. Waorma na Wawardei, wenye mifugo, ni Waislamu. Kwa hiyo katika kijiji kimoja utamkuta mzee wa kanisa asiyegusa kileo tangu abatizwe, jirani yake Mwislamu ambaye kwake kileo ni haramu, na wa tatu anayekunywa mnazi kama alivyokunywa babu yake. Hawa watatu hukutana kisimani, sokoni na matangani. Anayekunywa anatakiwa alikumbuke hilo kila anapoinua kikombe. Usipite na chupa mkononi mbele ya msikiti. Usimtume mtoto wa jirani akuletee. Usimlazimishe mtu aliyesema hapana.

Kwa sababu hiyo naanza na Garsen, na naanza na maziwa. Ukitaka kuketi na watu wa kila kabila na kila dini kwa wakati mmoja, kaa kwenye hoteli ya chai. Kina mama wa Kiorma huleta maziwa mjini, na chai inayopikwa kwa maziwa hayo ni nzito, imekolea tangawizi. Agiza mahamri na mbaazi, au samaki wa mtoni wa kukaanga na wali. Kambare akikaangwa vizuri, ngozi ikakauka na nyama ikabaki laini, hutaki kitu kingine. Mezani hapo utasikia bei ya ng'ombe, hali ya barabara ya Hola, nani amegombana na nani juu ya njia ya mifugo kwenda mtoni. Mgeni akitaka kuijua Tana Delta, somo lake la kwanza liko mbele ya kikombe hicho. Pembeni utawaona wanaotafuna miraa au muguka. 

Baa za bia zipo kwenye vituo vya barabarani, na wateja wake wengi ni wasafiri, askari, watumishi wa serikali na vijana wenye mshahara. Bia ni ile ile inayonywewa nchi nzima. Kampuni iliyoanzisha Tusker ilifunguliwa mwaka 1922, na jina hilo lilitoka kwa ndovu aliyemuua mmoja wa waanzilishi, George Hurst, mwaka uliofuata. Kwenye baa hizi mwongozo wangu ni mfupi. Tazama leseni imebandikwa ukutani. Hakikisha chupa inafunguliwa mbele yako. Kumbuka saa za sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Ilikataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na baa kukaa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Baa inayovunja hayo mchana kweupe haitaogopa kukuuzia kitu kibaya usiku.

Lakini wasikilizaji, kinywaji cha huku chenye historia na adabu yake ni mnazi, tembo la mti wenyewe. Hapo nataka tukae kidogo.

Mgema hupanda mti asubuhi na jioni, na wengine hupanda hata adhuhuri. Shina limekatwa vipago vya kukanyagia, na kiunoni ananing'iniza kibuyu au galoni ndogo. Kisu chake, kotama, ni chepesi na kikali kupita kisu chochote cha jikoni. Kule juu analitafuta karara ambalo bado halijafunguka, lile linaloficha maua. Analifunga kwa kamba lisipasuke, analiinamisha polepole siku baada ya siku ili lielekee chini, kisha anakata ncha yake kipande chembamba kama ukucha. Utomvu unaanza kudondoka. Kila anaporudi hukata tena kipande kingine, kwa sababu kidonda kikikauka, utomvu unakoma. Mkono ukiwa mzito, karara linaharibika na mapato ya wiki kadhaa yamekwisha. Huu ni ufundi wa kurithi na wa kujifunza, na anayeufanya anahatarisha mgongo wake kila siku. Wapo waliodondoka wasisimame tena. Unapolipa pesa ya mnazi, ujue ndani yake unalipia na hatari hiyo.

Utomvu ukitoka ni mtamu, hata mtoto angeupenda. Haupikwi wala hautiwi hamira. Chachu iliyomo hewani na kwenye kibuyu huanza kazi mara moja, na ndani ya saa chache povu limepanda na kinywaji kina nguvu. Kikilala siku moja na nusu kinakuwa kikali na kichungu. Kikikaa zaidi kinageuka siki, na siki hiyo ni nzuri kwenye kachumbari. Hii ndiyo maana ya swali langu la pili, amekigema lini. Mnazi unaoteremshwa asubuhi umedondoka usiku kucha, kwa hiyo umekwisha kuanza kukolea. Ule wa jioni, uliokusanywa tangu mchana, ni mwepesi na mtamu zaidi. Mgeni asiyeuzoea aanze na huo wa jioni, anywe kidogo, na ale kabla hajaketi. Anayekwambia kwamba ule wa juzi ndio mnazi wa kiume anataka kumaliza masalio yake.

Pahali penyewe pa kunywea, watu wa Pwani hupaita mangwe. Ni kivuli cha mwembe, au banda la makuti kando ya nyumba ya muuzaji. Utakuta mikeka, magogo na viti vya plastiki viwili vitatu vya wazee. Muuzaji mara nyingi ni mama, na yeye ndiye sheria ya hapo. Akisema fulani ametosha, fulani ametosha. Zamani kila mtu alikuwa na kibuyu chake na mrija wake, wenye kichungi mwishoni cha kuzuia nyuki, siafu na vipande vya maganda. Siku hizi wengi hutumia vikombe na jagi, lakini wazee bado wanaitunza mirija yao. Kabla hujanywa, mwenye kinywaji huonja kwanza mbele yako. Desturi hiyo ni ya kale, na shabaha yake ni wazi: aliyekileta anathibitisha kwa mwili wake mwenyewe kwamba hakuna sumu. Ukipewa jagi, ngoja aonje. Asipoonja, una haki ya kuuliza, wala hakuna atakayekuona umekosa adabu.

Huko kwa majirani zetu Mijikenda, mnazi una kazi kubwa kuliko kuburudisha. Kadzama, kile kibuyu cha mnazi kinachopelekwa kwa wazee, huambatana na posa, na faini, na kesi za ardhi. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1972, juu ya minazi, tembo na ushahidi katika nchi ya Wagiriama, walio miongoni mwa Mijikenda. Alionyesha jinsi wazee walionyweshwa mnazi walivyokuwa ndio mashahidi wa nani ameuza mti na nani ameununua. Kumbukumbu ya kijiji ilikaa vichwani mwa watu walioketi pamoja. Wagiriama wengi wamehamia huku Tana Delta, na desturi hizo zimechanganyika na zetu. Kwa hiyo ukiona wazee wamenyamaza kuzunguka kibuyu, usidhani wamelewa. Huenda wanamaliza shauri. Salimia, shikamoo ianze na mkubwa wao, kisha kaa pembeni mpaka uitwe.

Kuna jambo ambalo wageni hawaliulizi na wenyeji tumelipuuza, nalo ni mti gani umetoa kinywaji. Mnazi ukigemwa vizuri hauumii. Unakosa tu nazi za karara lile, na mwaka ujao unazaa. Ila kando ya Mto Tana watu hugema pia mikindu, mikoma na mivumo. Mkindu hugemwa kwa kukatwa kile kilele chake, pale unapokulia, na shina lililokatwa hapo hufa. Mkindu huo huo ndio unaotoa ukindu wa mikeka na vikapu ambavyo mama zetu husuka. Na matunda yake ndiyo chakula cha mangabei wa Mto Tana, kima asiyepatikana porini mahali pengine popote duniani ila misitu yetu hii. Hifadhi iliyowekwa mwaka 1976 kaskazini ya Garsen iliwekwa kwa ajili yake na ya mbega mwekundu wa Tana. Mwaka 1992 mtafiti Margaret Kinnaird alichapisha utafiti kuhusu mti huo, akaonyesha kwamba binadamu na kima wanaugombania. Mimi nasema hivi: lita chache za tembo hazilingani na shina lililochukua miaka mingi kukua, ambalo lingemlisha msusi na mnyama. Uliza kinywaji kimetoka mti gani. Ukiambiwa mkindu, omba cha mnazi. Wateja kumi wakiomba hivyo, mgema atasikia.

Sasa nizungumzie kinachoua. Chang'aa, ambayo Pwani wengine huiita piwa, hupikwa na kukenekwa, na mnywaji hawezi kujua kwa macho wala kwa ulimi kama imetiwa methanoli. Tumeshaona matokeo yake nchini. Mwaka 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa wiki moja, na wengine wakapofuka. Mapema mwaka 2024 msiba ukapiga Kirinyaga, na baada yake Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza hatua kali dhidi ya vileo nchi nzima. Kila msiba wa aina hii ukitokea, askari hutumwa vijijini, na wa kwanza kukamatwa huwa mgema na yule mama wa mangwe, kwa sababu wao hawajifichi. Kibuyu kinamwagwa, faini inatozwa. Yule anayeuza vichupa visivyo na jina kwenye chumba cha nyuma anabaki salama, kwa kuwa hana kibao wala kivuli cha mwembe.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, wasikilizaji. Ukifunga mahali pa wazi, mnywaji hatarudi nyumbani kusoma kitabu. Atakwenda gizani, na gizani hakuna anayeonja kwanza. Mangwe iliyo wazi ina macho ya kijiji. Mzee anamwona kijana anayekunywa kila siku, anamwita pembeni. Jirani anajua nani ana watoto wasiolipiwa karo, na muuzaji mwenye utu anakataa kumuuzia kwa deni. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Basi kaunti yetu iitumie kazi hiyo kumtambua mgema kwa jina lake na miti yake, impe leseni anayoimudu, ikague usafi wa vyombo, na ielekeze nguvu ya askari kwa wanaouza sumu.

Hayo hayanifumbi macho nisiyaone madhara ya mnazi wenyewe. Yapo. Zipo nyumba ambamo pesa ya mpunga iliishia mangweni kabla ya kufika dukani, na mama akabaki na sufuria tupu. Wapo vijana walioanza na kikombe cha jioni wakaishia asubuhi. Wazee wetu wana msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maana yake inatufaa hapa: muuzaji anahitaji jicho la mteja, kama mteja anavyohitaji jicho la muuzaji. Kwa hiyo nawaambia wanywaji wenzangu, nunua chakula cha nyumbani kwanza. Weka pesa ya kunywa mbali na pesa ya nyumba. Ukiona umekosa siku moja na mikono inatetemeka, nenda hospitali uzungumze na daktari. Ugonjwa wa pombe unatibika, na kuutafutia dawa ni jambo la heshima.

Mwisho kabisa, usiku. Delta hii imewahi kunyimwa usiku wake. Mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya mia moja, na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2017 amri kama hiyo iliwekwa tena katika sehemu za Tana River, Garissa na Lamu kwa sababu ya mashambulizi. Tulijifunza maana ya kijiji ambacho watu wake hawawezi kuketi pamoja jua likizama: uvumi unakua, kwa sababu hakuna baraza la kuukata. Amani iliporudi, hoteli za chai na vivuli vya mangwe vilikuwa kati ya mahali pa kwanza watu kuanza tena kusalimiana. Kulinda mahali hapo ni sehemu ya kulinda amani.

Kwa hiyo shika haya. Rudi nyumbani kabla ya giza kushika. Ukipanda bodaboda, hakikisha dereva hakuwa ameketi nawe. Usivuke mto kwa mtumbwi ukiwa umekunywa. Tana ina mamba na viboko, na mafuriko kama yale ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023 yametuonyesha jinsi maji yanavyoweza kubadilika ndani ya siku moja. Usizungumze siasa za malisho na watu waliolewa. Na usimpige picha mtu mangweni bila ruhusa yake, kwani wako wenye mama kanisani.

Wewe mgeni, karibu Ngao. Kunywa chai Garsen na watu wote, kunywa mnazi wa jioni na watu unaowajua, acha chupa isiyo na jina. Wewe mgema, weka kotama yako safi na neno lako safi zaidi. Wewe mama wa mangwe, endelea kusema fulani ametosha. Na ninyi waheshimiwa wa bunge la kaunti, tutungieni sheria inayomtofautisha mgema na muuaji, kwa maana wananchi tumeshawatofautisha siku nyingi.